Mama Alivyosafiri Bila Kutoka Chumbani

Mama yangu hajawahi kuishiwa maneno. Anaongea akipika, anaongea akifua, na akikosa wa kuongea naye huigeukia redio akabishana na mtangazaji. Tulipokuwa wadogo, mimi na kaka yangu tulikuwa tukimwombea apate usingizi wa mchana ili nasi tupumzishe masikio. Kwa hiyo siku aliponiita kutoka chumbani kwake akasema, "Mwanangu, hebu niletee," halafu akanyamaza, akavuta pumzi, ndipo akamalizia, "maji ya kunywa," niliingiwa na baridi mwili mzima. Sikuwahi kumwona mama akipumzika katikati ya kauli yake. Hata kwenye nyumba ya ibada hapumziki.

Ulikuwa wakati ule ambao kila mtu aliujua ugonjwa na hakuna aliyetaka kuutaja kwa jina. Tulisema mafua makali. Tulisema changamoto ya kupumua. Hapa Tabata ukisikia fulani kapata changamoto, ulinawa mikono na kubadili mazungumzo.

Mimi na baba tulimpakia mama kwenye bajaji tukampeleka zahanati. Tulimkuta daktari kijana aliyevaa barakoa mbili, macho yamemwiva kwa uchovu. Alimbana mama kidoleni kwa kile kidude cha kupimia hewa mwilini, akamsikiliza mgongo, akaandika dawa, akasema kwa hali aliyonayo auguzwe nyumbani, katika chumba chenye dirisha, alale kifudifudi, anywe maji mengi, na asikaribiwe na watu. Tulipokuwa tunatoka akanivuta pembeni. Akasema nisihangaike sana na joto la mwili, nisikilize anavyoongea. Sasa hivi anapumzika katikati ya sentensi. Pumzi zikizidi kumkatisha, nisisubiri kupambazuke, nimlete. Akianza kumaliza sentensi zake bila kutua, basi tumshukuru Mungu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Kusubiri watu wamalize sentensi ndiyo kazi inayonilisha. Lakini nyie, kumsubiri mtoto anayetafuta neno si sawa na kumsubiri mama yako anayetafuta hewa.

Nyumbani tulikuwa wachache. Alikuwapo baba, ambaye alichonga vinyago vya mpingo maisha yake yote mpaka vumbi likamharibia kifua, kwa hiyo naye hakutakiwa kuusogelea ugonjwa huo hata kidogo. Nilikuwapo mimi, niliyerudi kwa wazazi baada ya ndoa kunishinda. Na alikuwapo wifi yangu, mtu wa Njombe, mwanakwaya, mke wa kaka yangu. Kaka ni dereva wa lori, na siku hizo alikuwa amekwama mpakani Tunduma, foleni ya malori haisogei kwa sababu ya vipimo. Tukapeana kazi. Mimi nikaingia chumbani kwa mama, wifi akashika jiko na kila kinachotoka nje, baba akahamia sebuleni na mkeka wake.

Ugonjwa ulikuwa tatizo moja. Tatizo la pili lilikuwa mtaa.

Mtaani kwetu mgonjwa ni wa watu wote. Ukilala na homa asubuhi, kufika adhuhuri chumba kimejaa. Watu hawaishii sebuleni, wanaingia mpaka ndani, wanakaa kitandani, wanakushika paji la uso kwa zamu, wanakuombea dua pua zikigusana. Asiyekuja anakumbukwa, na naye akiumwa ataona. Na wa kwanza kufika angekuwa jirani yetu wa mlango wa pili, shoga yake mama tangu walipohamia hapa wote wawili wakiwa wasichana. Mwanamke huyo ana sukari, ana presha, na ana moyo ambao hauzuiliki kwa barakoa wala kwa ndoo ya maji yenye koki. Kumwambia asiingie kumwona shoga yake ilikuwa sawa na kumfukuza. Kumruhusu aingie ilikuwa ni kumchimbia kaburi.

Sasa wazo la uongo lililetwa na nani? Na yule mwanakwaya. Wifi alikuwa anamenya viazi, akasema bila kuinua kichwa, "Tuseme mama kasafiri. Kaenda Newala kumwona bibi." Baba alimtazama kwa mshangao. Bibi, mama mzazi wa mama, anaishi Newala kweli, ni mzee wa miaka mingi, na kumwendea ni jambo la kawaida. Hatukuona tundu lolote kwenye wazo lile. Tukampitishia mama kwa kumnong'oneza, naye akatikisa kichwa kukubali, jambo ambalo lenyewe lilinitia hofu, maana mama hakubalianagi na mtu haraka hivyo.

Basi mama akasafiri. Kumficha mtu ndani ya nyumba yake ni kazi kubwa kuliko nilivyofikiri. Nguo zake tulizianika ndani, maana khanga zake zinajulikana mtaa mzima. Akianza kukohoa, wifi anaongeza sauti ya redio, na jirani wa nyuma akalalamika kwamba siku hizi tumekuwa kama baa. Mlango wa mbele tuliufunga nusu. Uji ulipitishwa dirishani upande wa uani, na baba alikaa chini ya dirisha hilo hilo, mgongo ukutani, mikono haina kazi. Hakuruhusiwa kuingia, hivyo alikuwa ananiuliza mimi. "Anaongeaje leo?" Na mimi namjibu kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Leo kasema uji hauna sukari. Katua mara ngapi? Mara moja. Baba anaitikia, anarudisha mgongo ukutani.

Halafu zikaja siku ambazo sikuwa na jibu la kumpa. Mama alinyamaza. Ukimuuliza, anatikisa kichwa au anainua kidole. Sikujua kama amechoka, au hataki, au hawezi. Nilimwambia, mama, sema lolote, hata nitukane mimi, akanitazama tu na yale macho yake makubwa. Niliogopa. Nilikuwa nimeshampigia yule mwenye bajaji asilale mbali na simu yake. Nilikaa kwenye kigoda karibu na miguu ya mama, kitambaa cha kitenge kimenibana mdomo na pua, nikisikiliza kifua chake kikipanda na kushuka, na nikagundua kwamba mimi pia nilikuwa nimebana pumzi.

Ni katikati ya siku hizo ndipo baba alipoenda dukani kununua tangawizi.

Kabla hajatoka, wifi alikuwa amemfukiza. Alimwinamisha juu ya sufuria la majani ya mwarobaini na michaichai, akamfunika blanketi, akamwambia asitoke mpaka ahesabu dhambi zake zote. Baba alitoka humo macho mekundu yanachuruzika, akavaa kandambili akaenda dukani hivyo hivyo. Pale dukani akakutana na shoga yake mama.

Yaliyotokea aliyasimulia mwenyewe baadaye, mara nyingi, kila mara akijitetea. Jirani alimwuliza shemeji, mbona mwenzangu simwoni. Baba akasema kasafiri, kaenda Newala. Jirani akashtuka, akauliza ghafla hivyo, bila hata kuaga, kuna nini huko? Hapo baba alikwama. Sisi tulimpa uongo mmoja, hatukumpa wa akiba, na mzee wangu si mtu wa kujitungia. Akanyamaza, akainamisha kichwa, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Mtu yeyote wa kwetu anajua maana ya picha hiyo. Mtu wa kusini akiondoka Dar ghafla bila kuaga, akaacha mume nyumbani ananunua tangawizi kwa macho mekundu, ujue kuna kaburi linachimbwa. Jirani akamshika baba bega, akamwambia pole sana, shemeji. Baba alidhani anapewa pole ya upweke. Akasema ahsante.

"Mie sikusema kafa mtu," anarudiaga mpaka leo. "Nilinyamaza tu."

Msiba wa mbali hukaliwa hapa hapa. Maiti inaweza kuwa Newala au Kigoma, lakini walipo ndugu ndipo mikeka inapotandikwa. Asubuhi iliyofuata nilikuwa namwinua mama nimnyweshe uji, nikasikia kandambili nyingi zinaingia uani kwa pamoja. Nikasikia mikeka inapigwa kukung'utwa. Nikasikia sufuria kubwa linawekwa chini. Halafu sauti ya shoga yake mama ikapanda, ndefu, ile sauti ambayo ukiisikia hata kama huna msiba unatafuta pa kushika.

Wifi alikuwa anaosha vyombo. Aligeuka akaona wanawake wa mtaa mzima wamejifunga khanga, wanamwambia pole, dada, poleni na msiba, na yeye ana mume barabarani. Hakuuliza msiba wa nani. Alipiga ukelele akaenda chini na bakuli mkononi. Wale wanawake wakaona kumbe msiba mzito kweli, nao wakazidisha. Mpaka mmoja alipotaja kwenye kilio chake mama wa Newala aliyewaacha wanawe ndipo wifi alipojua kwamba si mumewe. Lakini hapo akaanza upya, kwa sababu aliamini habari ya kifo cha bibi imewafikia wao kabla yetu. Nami, Mungu anisamehe, nikiwa nimeshika kijiko hewani, niliamini pia. Uongo wetu tuliutoa kwa mlango wa mbele, ukarudi kwa mlango wa uani umejifunga khanga, tukashindwa kuutambua.

Nikamtazama mama. Alikuwa ameshasikia kila kitu.

"Mama yangu," akasema. Akavuta pumzi. "Amekufa." Akavuta tena. "Mmenificha."

Nilimwambia hapana, mama, si hivyo, hatujui lolote. Hakuniamini, na angeniaminije? Kwetu mgonjwa haambiwi msiba. Mgonjwa husubiriwa apone, kisha anawekwa chini na wazee anaelezwa taratibu. Hapana yangu ndiyo ingekuwa jibu lile lile hata kama bibi angekuwa ameshazikwa. Mama aliuweka mkono kifuani, pumzi zikawa fupi fupi, na nikaona wazi kwamba kama ugonjwa hautamwua basi sisi tutamwua kwa huzuni ya kitu ambacho pengine hakipo.

Nikampigia mjomba Newala. Simu ikaita ikakatika. Nikapiga tena. Nje wameanza kuimba. Akapokea, nikamwuliza bila hata shikamoo, bibi yuko wapi? Akasema yuko nyuma ya nyumba kwenye mikorosho, kuna nini. Nikamwambia ampelekee simu, aende mbio. Akaniuliza tena kuna nini. Mimi nina hasira za karibu, nikamfokea mtu mzima wa watu, nikasema mjomba, kimbia, maneno baadaye. Nikaweka simu sauti ya juu, nikailaza kwenye mto karibu na sikio la mama. Tukasikia miguu ya mjomba kwenye majani makavu, mbwa akabweka, mjomba akaita. Na mama amefumba macho.

"Nani huyo?" likaja sauti la bibi. Bibi huongea kwenye simu kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

Nikasema, "Shikamoo bibi, ni mie, mjukuu wako wa Dar."

"Marahaba. Hao wanaopiga kelele huko nyuma ni nani?"

Sikuwa na uongo uliobaki. Nikamwambia ni watu wa mtaani, wamekuja kukulilia wewe, wamesikia umekufa. Kikapita kimya kirefu. Nikadhani nimemwua kweli sasa.

"Wamepika nini?" bibi akauliza.

Mama alifungua macho. Kitu kikamtoka kifuani ambacho mwanzoni nilidhani ni kikohozi, na kumbe ni kicheko. Bibi akamsikia, akamwita kwa jina lake la utotoni, wakasemezana Kimakonde kidogo, mama akiitikia tu, machozi yanamshuka mpaka masikioni. Kisha akanirudishia simu, akashusha miguu chini. Nilitaka kumzuia akanipangua mkono. Akasimama kwa kushikilia ukuta, akafika dirishani, akavuta pazia.

Wimbo ulikatika. Waliona mtu aliyeko Newala amesimama dirishani Tabata, nywele hazijasukwa, khanga imefungwa kifuani.

"Nyie wanawake nyie," mama akasema, "mama yangu hajafa, na mie mwenyewe sijafa wala sijasafiri, naumwa hii changamoto mnayoijua, kwa hiyo mtu yeyote asiusogelee mlango huu, toeni mikeka yenu hapo mkakae kule ukutani, tena mpeane nafasi, na huyo aliyechukua sufuria langu la pilau akapikia ugali bila kuuliza nitaonana naye nikipona."

Hakutua. Nilimsikiliza kwa sikio la mwalimu, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, nikisubiri mahali atakapokwama, na mahali hapo hapakuja. Sauti ilikwaruza, na alipomaliza ikabidi nimkamate nimrudishe kitandani. Lakini alimaliza. Chini ya dirisha nilimwona baba amesimama, ameshika kichwa kwa mikono miwili, anamwangalia wifi, na wifi bado amekaa chini na bakuli lake.

Huko nje mtu mmoja akacheka, halafu wote, wakicheka na kulia kwa pamoja kama watu waliokunywa. Mikeka ikabebwa ikapelekwa ukutani. Shoga yake mama ndiye aliyebaki katikati ya ua, amejishika kiuno.

"Kwa hiyo siku zote hizo upo humo ndani," akasema kwa sauti ya kufika dirishani, "mie nakupita hapo na ndoo yangu kichwani?"

"Nakusikia na kandambili zako," mama akamjibu kutoka kitandani.

Hasira zake akazimalizia kwangu nilipotoka. Alinisema, tena mbele za watu. Akasema sie watoto tumesoma lakini watu hatuwajui, kwamba angeambiwa asiingie asingeingia, angekaa hapo ukutani na kigoda chake toka siku ya kwanza. Ukweli ni kwamba mpaka leo sijui kama ningeamini. Lakini alikaa ukutani kweli. Msiba ukishapikiwa haurudishwi na sufuria, watu wakala, na kuanzia hapo kila alasiri akawa anakuja na kigoda, anakaa mbali, wanapiga soga na mama kwa kupaza sauti mpaka siri za mtaa zikaisha. Wengine walileta ndimu, wengine kuni, wanaviweka kwenye ngazi wanarudi nyuma. Hatukuhitaji tena redio. Na niseme hapa hapa nisije nikamwacha mtu na wasiwasi: jirani hakuugua, baba hakuugua, kaka alirudi salama amekonda tu, na bibi bado anaulizia ule msosi wa kifo chake.

Lakini mchana ule wa mikeka sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba kutoka chumbani niliisikia sauti ya mama akimwambia wifi kwamba uji umelala, ukiwa umelala upashwe moto usiongezwe maji, maana uji wa kuongezwa maji ni wa kulishia kuku. Nilienda kukaa peke yangu kwenye kipande cha mkeka mwisho wa ua, mbali na wenzangu, nikavua kile kitambaa mdomoni. Na hapo kilio kikanijia. Sikulia kiungwana. Nililia kwa sauti, mabega yananiruka, kilio cha siku zote zile nilizokaa kwenye kigoda nimebana pumzi, mpaka wanawake wakaacha kula.

Shoga yake mama akainuka nusu, akakumbuka, akakaa tena pale pale alipokuwa. Akaniita kwa mbali.

"We mtoto, unalia nini sasa? Si huyo mama yako anaongea?"

Nikamwambia, "Ndilo hilo ninalolilia."